Nachora potreti za wahusika wa vitabu vya zamani, kila anayeona ananiambia "siyo huyu"

brashi_butu (mwenye mada)

Habari wadau, poleni na majukumu. Naomba mawazo yenu maana nimekwama, na nikiendelea hivi najiona nitatupa turubai zote nirudi kuchora vikombe.

Toka mwaka jana najifunza rangi za mafuta, nikachoka na matunda na chupa, nikajipa kazi ya kuchora wahusika sita wa vitabu nilivyovipenda, kichwa na kifua tu, turubai ndogo za sentimita 30 kwa 40. Nilichagua Don Quixote, Jane Eyre, kile kiumbe cha Frankenstein, Sherlock Holmes, Lady Macbeth na Kapteni Ahab. Watatu wa kwanza nimewamaliza, yaani nimefika mahali nikasema basi.

Don Quixote amepita bila shida, kila aliyemwona kamtaja jina kabla sijafungua mdomo. Shida imeanza kwenye kiumbe. Sikutaka yule wa sinema mwenye kichwa bapa na boliti shingoni, nilitaka wa kitabuni, na kitabu kinasema ngozi ya njano, nikapaka njano. Jamaa yangu kaja kaangalia weee, kaniuliza huyu mgonjwa wa ini ni nani yako?

Jane Eyre ndo balaa zaidi. Kitabu kizima anajisema hana uzuri, mdogo wa umbo, sura ya kawaida tu, na mimi wakati nachora nilikuwa nayo hiyo kichwani kabisa, lakini kila nikirudi hatua mbili nyuma nimtazame naona bibi harusi. Nimepunguza wekundu wa midomo, nimembana nywele, wapi, bado mrembo.

Swali langu, mtu ambaye hajawahi kuwepo mnaanzia wapi kumpatia sura? Mnafuata maandishi neno kwa neno au mnabuni tu? Na hii sura ya mwigizaji wa sinema inayojipenyeza hata usipoitaka mnaifukuzaje?

kivuli_nusu

Mkuu hongera kwa kuthubutu, wengine tunazeeka na matunda.

Kwa huyo kiumbe tatizo si njano, tatizo umesoma nusu sentensi. Rudi pale usiku wa Novemba anapofumbua jicho. Mary Shelley (1818) hakuandika ngozi ya njano akaweka nukta, ameandika ngozi ya njano ambayo kwa shida inafunika misuli na mishipa iliyo chini yake. Hiyo "kwa shida" ndo picha yenyewe. Halafu anaendelea, nywele nyeusi ndefu zinang'aa, meno meupe kama lulu, kisha ghafla macho ya majimaji yanayokaribia kufanana rangi na matundu yake, uso uliosinyaa, midomo myeusi iliyonyooka. Kumbuka Frankenstein alikuwa anachagua viungo vizuri, alitaka kutengeneza mtu mzuri! Kinachotisha ni vizuri na vibaya kukaa uso mmoja. Ukimchora mbaya kila mahali umerudi kwenye sinema ya 1931 hata kama boliti umezing'oa.

Sasa kwa brashi. Usipake njano kama unapaka ukuta. Anza na uso usio na ngozi kabisa, kijani kilichofifia na kijivu kwenye vivuli, wekundu mchafu kwenye misuli ya shavu na chini ya taya, mishipa kwenye paji la uso uichore kweli, hii yote kwa rangi nyembamba yenye mafuta kidogo. Acha ikauke, usiwe na haraka, wiki hata mbili. Ikishakauka ndo unachukua rangi ya oka (njano ya udongo) kidogo sana, unailegeza na mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) mpaka iwe kama chai ya rangi, unaipitisha juu na unaifuta na kitambaa hapa na pale. Kile cha chini kitaonekana kupitia cha juu, na hapo jicho la mtu litaelewa kuna ngozi haijatosha. Usigeuze mpangilio, tabaka la chini siku zote liwe na mafuta kidogo kuliko la juu, ukigeuza la juu linawahi kukauka, la chini bado linajongea, mwisho picha inapasuka.

Kwa ujumla mimi ni mtu wa maandishi. Kabla sijagusa penseli napitia kitabu kizima na daftari, kila neno linalohusu mwili wa mhusika naliandika. Sinema inaondoka yenyewe ukishakuwa na kurasa tatu za daftari.

msomaji_wa_usiku

Hapo kwenye maandishi mkuu kivuli_nusu napingana na wewe kidogo. Njia yako inafaa kwa Shelley kwa sababu Shelley kaeleza. Sasa mchore Emma wa Madame Bovary (1857) kwa daftari lako. Mara ya kwanza tunapomwona, Flaubert anasema macho ni ya kahawia ila yanaonekana meusi kwa sababu ya kope. Kashaolewa, mume anayatazama asubuhi kitandani, yamekuwa meusi kivulini na bluu iliyokoza kwenye mwanga. Haya, kamua rangi gani kwenye paleti? Na huyu ndo mwandishi aliyekuwa anahangaikia kila neno, sio kwamba kasahau. Macho yanabadilika kufuatana na nani anayatazama.

Tena Flaubert mwenyewe hakutaka vitabu vyake vichorwe picha, hoja yake ilikuwa mwanamke akishachorwa anafanana na mwanamke mmoja basi, ila akiandikwa kila msomaji anamwona wa kwake. Kafka naye, mwaka 1915 alipoona hadithi yake ya mtu aliyeamka asubuhi akajikuta mdudu inataka kutoka na picha, akawaandikia wachapishaji kuwaomba mdudu asichorwe, hata kwa mbali asionekane. Jalada likatoka na mwanaume kafunika uso kwa mikono, nyuma yake mlango uko wazi na ndani ni giza tupu. Mimi nikiliangalia lile giza namwona mdudu vizuri kuliko michoro yote ya mende niliyokutana nayo.

Kwa hiyo ushauri wangu, acha kutafuta sura. Chora kile sura inachofanya kwa watu.

brashi_butu

Kivuli_nusu asante sana, hiyo ya uso usio na ngozi nimeielewa, leo usiku naanza upya.

Msomaji nakuelewa lakini jamani mimi nachora POTRETI, nikitoa sura nabaki na nini, koti?

mama_turubai

Wanangu mnabishana vizuri ila wote wawili mnaongea kama watu wanaochora kutoka kichwani. Brashi_butu hujasema modeli wako ni nani, na mimi nahisi huna. Ukichora kutoka kichwani mkono unachora uso ule ule wa wastani ambao umeuzoea, macho makubwa kidogo, pua nyembamba, kushoto sawa na kulia. Ndo maana Jane anakutoka bibi harusi. Mkono wako unampamba bila kukuuliza.

Tafuta mtu akae mbele yako. Hata mchoraji Millais alipochora Ophelia, yule msichana anayezama mtoni kwenye tamthilia ya Hamlet (1851 hadi 1852), hakuota, mto na majani alikwenda kukaa kando ya mto wenyewe Surrey miezi kadhaa, na mwili akamlaza Elizabeth Siddal kwenye beseni la kuogea London wakati wa baridi. Taa za kupashia maji zikazimika yeye kazama kwenye brashi zake wala hana habari, binti akaugua, baba yake akaja juu anadai pesa ya daktari pauni 50. Hiyo sehemu usiige tafadhali. Modeli wako mpe kiti, mpe mapumziko kila dakika ishirini, na kama huna wa kukaa basi kaa mwenyewe mbele ya kioo.

Na kioo kinanileta kwa Jane. Hebu soma tena sura ya 16, anapojigundua ameanza kumpenda bwana mwenye nyumba. Anajipa adhabu. Anajiambia kesho weka kioo mbele yako, jichore kwa chaki kwa uaminifu, usilainishe kasoro hata moja, usiruke mstari mkali wowote, chini andika ni picha ya mwalimu wa nyumbani, hana ndugu, maskini, hana uzuri. Halafu anachukua kipande cha pembe ya ndovu, juu yake anamchora Blanche Ingram, mpinzani wake wa mapenzi, kwa rangi zake safi zote, urembo mtupu, na hajawahi hata kumwona, kasimuliwa tu. Yaani mwanangu kitabu kimekupa maelekezo ya kazi! Picha moja kwenye kioo, nyingine ya kusimuliwa. Wewe umemchora Jane kwa njia ya Blanche.

Kuhusu Lady Macbeth, huko daftari la kivuli_nusu halitajaa. Shakespeare uso wake hakuusema, kitu cha mwili wake ninachokikumbuka mimi ni ule mkono mdogo ambao manukato yote ya Arabuni hayawezi kuuondolea harufu ya damu. Sargent mwaka 1889 alimchora mwigizaji Ellen Terry kwenye nafasi hiyo, gauni la kijani limeshonewa mabawa ya mbawakavu yanametameta, mikono yote miwili juu anajiwekea taji kichwani. Hicho kitendo hakimo kwenye tamthilia na hata kwenye lile onyesho hakikuwepo, Sargent kakitunga. Lakini ukimwangalia hubishi, ndiye. Kwa hiyo kubuni ruksa, ila buni kitendo, uso utafuata. Usibuni uso ukauacha unakaa tu hauna la kufanya.

kivuli_nusu

Mama hapo kwenye mkono wa kumpamba mtu bila kuulizwa umenigusa na mimi 😅 Ukitaka kuuona ugonjwa huo, igeuze picha juu chini au itazame kwenye kioo, utaona kila kitu umekilinganisha sawasawa kama mizani. Uso wa mtu wa kweli una jicho moja limekaa chini kidogo.

nukta_tatu

Hata wakubwa waliugua huo ugonjwa. Sherlock Holmes tunayemjua ni wa Sidney Paget, aliyekuwa anachora kwenye jarida la Strand kuanzia 1891. Conan Doyle, mwandishi wake, baadaye alikuja kusema yeye kichwani alikuwa na mtu mwenye sura mbaya zaidi, uso mwembamba kama wembe, pua kubwa ya mwewe, macho mawili madogo yaliyosogeleana, Paget akamtengenezea kijana mtanashati na wasomaji wakampenda huyo. Ile kofia ya masikio mawili nayo ni ya Paget, kitabuni ni kofia ya safari yenye vifuniko vya masikio, imepita mara moja ikaenda zake. Brashi_butu nakuomba mchore yule wa macho yaliyosogeleana na bila kofia, halafu tuone kama kuna atakayemtambua.

mama_turubai

Hilo la kutambua ndo nilitaka kulirudia. Brashi_butu, huyo Don Quixote wako aliyepita bila maswali nina mashaka naye. Kavaa lile beseni la kinyozi la kitabuni, analolifanya kofia ya vita?

brashi_butu

Ndio mama, na mkuki, na farasi nyuma kwa mbali.

mama_turubai

Weka kidole gumba juu ya beseni. Mkuki ufunike na karatasi. Niambie umebaki na nani.

brashi_butu

Aisee.

Nimebaki na babu mwenye ndevu. Babu yeyote.

kivuli_nusu

Na siyo babu! Cervantes (1605) ukurasa wa kwanza kabisa anasema anakaribia miaka hamsini, mkavu wa mwili, uso umekonda, mtu wa kudamka alfajiri na kupenda kuwinda. Wewe umemchora wa themanini kwa sababu michoro yote ya baadaye inamzeesha. Mtu wa hamsini aliyeamua kuanza maisha upya baada ya kusoma vitabu kupita kiasi ni jambo lingine kabisa usoni, huyo bado ana nguvu, bado anaamini. Mchore kama mtu ambaye jana usiku hakulala na hajali.

pwani_ya_maneno

Nimefuatilia mada toka juu nikaona niulize, mbona orodha yote ya kutoka mbali? Fumo Liyongo yuko hapa, na utenzi umempa kila mnachokitafuta. Kimo, upana, haiba, watu wanakuja kumwangalia tu. Uso hausemwi pua ikoje wala macho yakoje, kwa hiyo msomaji_wa_usiku atafurahi, ila kile kifo chake ni potreti tayari. Mwanawe kamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala, anaamka, anachukua uta, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta mshale, anafia hapo hapo katika mkao huo. Watu wakimwona kwa mbali wanajua yu hai, hakuna anayethubutu kusogea kuteka maji, mpaka mama yake anakuja kumbembeleza na yeye hajibu.

Sasa mchoraji hapo ana kazi, inabidi uchore mtu aliyekufa ambaye kila anayemtazama anaona yu hai na ana hasira. Macho wazi au yamefumba? Mimi nimejaribu kwa mkaa mara nne. Macho wazi anaonekana mzima, ya kufumba anaonekana kasinzia. Ya nne nikamchora kutoka nyuma kidogo, shavu tu na sikio na mkono ulioshika uta, na kidole kimoja kwenye kamba kimelegea ila hakijaachia. Hiyo ndo nimeibakiza.

msomaji_wa_usiku

Kidole kimelegea ila hakijaachia. Hiyo hapo potreti bila sura, brashi_butu, uliuliza utabaki na nini.

mama_turubai

Basi na mimi niwape kimoja cha kuwachekesha. Mwaka 1813, Pride and Prejudice ina miezi michache tu tangu itoke, Jane Austen alikwenda kwenye maonyesho ya picha London akawa anawatafuta wahusika wake ukutani. Picha za watu wengine kabisa jamani, watu hai! Akamwandikia dada yake kwamba kamwona Bi. Bingley, ndiye mwenyewe, umbo, uso, gauni jeupe lenye mapambo ya kijani, tena akasema siku zote alihisi kijani ndo rangi anayoipenda. Elizabeth, yaani Bi. Darcy, akamtafuta kwenye maonyesho mengine asimpate, akasema atakuwa Darcy anaithamini mno picha ya mkewe hataki watu waione.

Kwa hiyo mwandishi mwenyewe alikuwa hajui sura mpaka alipoiona kwa mtu mwingine. Brashi_butu ukiwa kwenye foleni au unasubiri mtu mahali, angalia nyuso. Siku utamwona Ahab kasimama mbele yako anatafuta miwani yake.

brashi_butu

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, samahani kwa ukimya rangi zilikuwa hazikauki.

Kiumbe nimemaliza kwa njia ya kivuli_nusu. Ule uso wa chini ulinitisha mwenyewe, nikaugeuzia ukutani usiku. Nilipopitisha oka juu nilizidisha upande wa kushoto nikaifuta na kitambaa, na pale nilipofuta ndo pazuri kuliko pote, inaonekana ngozi imevutwa ikaishia. Nywele nimezing'arisha vizuri kabisa kama za mtu anayejipenda. Yule jamaa wa mgonjwa wa ini kaja, safari hii hakuuliza kitu, kaenda kukaa kiti cha mbali.

Jane nilikwangua uso mzima na kisu cha paleti, nikakaa mbele ya kioo mwenyewe, na mimi ni mwanaume wa miaka 34 mwenye kipara kinachoanza, sasa hapo msinicheke. Sikuchukua sura yangu, nilichukua kile kinachotokea usoni ukijitazama saa nzima huku umejikataza kujipendelea. Nyusi moja inapanda. Mdomo unabana upande mmoja. Baada ya hapo dada yangu kanikalia jioni tatu nikapata pua na taya, jicho la kulia nimeliacha chini kidogo kama lilivyo. Nikamwonyesha mama, hajasoma kitabu wala hajui Jane ni nani, kaangalia kasema "huyu binti ananitazama kama ananidai."

Don Quixote nimemfuta. Nitamrudia, bila beseni.

Sasa naingia kwa Ahab. Kovu ninalo, mstari mweupe mwembamba kutoka kwenye nywele unashuka upande mmoja wa uso na shingo mpaka unapotelea kwenye nguo, Melville anaufananisha na alama ya radi kwenye shina la mti mkubwa. Ila nimepekua Moby-Dick yote na daftari la kivuli_nusu mkononi sijaona panaposema ule mguu wa mfupa wa nyangumi ni wa kulia au wa kushoto. Mnachora upi?

nukta_tatu

Mkuu si ulisema kichwa na kifua tu?

brashi_butu

😂😂 haya nimekaa kimya